Nati Iliyoganda kwa Kutu: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Bolti sita za M10 (unene wa milimita 10) kwenye bomba la moshi la gari langu zimeganda. Nilizipulizia mafuta ya kulegeza kutu, nikasubiri dakika tano, nikavuta spana kwa bomba refu. Mbili zimekatika na ya tatu kichwa kimeliwa kona. Je, mafuta yalikuwa feki?

JIBU: Pole sana. Kosa huenda si la mafuta, ni la zile dakika tano. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo hujishindilia kati ya meno ya bolti na ya nati. Mafuta haya ni mepesi na huvutwa kwenye mwanya mwembamba kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, lakini mwanya ukizibwa, yanabaki juu yaking'aa bila kufanya kazi.

Kwa zile tatu zilizobaki, anza na brashi ya waya. Safisha meno yote yaliyo wazi, maana nati itapita hapohapo ikitoka. Weka matone machache pale nati inapokutana na bolti na pale inapokutana na bamba. Kuogesha kichwa cha bolti ni kupoteza mafuta. Kisha gonga ubavu wa nati kwa nyundo ndogo, mapigo kumi na tano hivi, upande wa pili ukiegemeza nyundo nzito. Mtikisiko hupasua kutu na kufungua njia. Subiri dakika 20, rudia mara mbili au tatu, halafu uache usiku kucha. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayookoa bolti.

Asubuhi tumia spana ya bokisi yenye pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili hushika karibu na kona, ndiyo inayozila. Jaribu kwanza kukaza kidogo tu, kisha legeza. Ikisogea, usifurahi ukaendelea kuzungusha: robo mzunguko mbele, rudi nyuma, ongeza tone. Unga wa kutu usipopewa nafasi ya kutoka hushindiliwa upya, na bolti hukatikia katikati ya safari. Ukisikia spana inasogea kisha inarudi kama mpira, bolti inajinyonga. Acha mara moja, rudi kwenye mafuta.

Ikikataa kabisa, tumia moto, lakini pasha nati, si bolti. Tundu la milimita 12 likiongezewa joto la nyuzi 200 hupanuka kwa takriban milimita 0.03. Ni kidogo, ila linatosha kuvunja kutu. Futa mafuta yote kwanza kwa sababu yanawaka, na kaa mbali na tangi, mipira na mabomba ya breki. Usipashe moto mahali palipopuliziwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini: moto huigeuza kuwa fosijini, gesi inayoua.

Kichwa kilicholiwa kikwangue kwa tupa hadi spana ndogo zaidi iingie kwa kugongwa. Zilizokatika zikiwa zimebakiza kipande nje, mpe mchomeleaji apachike nati mpya juu yake; joto la kuchomelea lenyewe husaidia kulegeza.

SWALI: Ni kweli mafuta ya gia otomatiki yakichanganywa na asetoni yanafaa?

JIBU: Yanafaa, nusu kwa nusu. Changanya mililita 50 kwa 50 tu, kwani asetoni huruka haraka, na tikisa kila unapotumia kwa sababu huwa yanajitenga. Yaweke kwenye chombo cha chuma au kioo. Asetoni hula rangi, plastiki na baadhi ya mipira, na hushika moto kwa urahisi mno: usiyatumie karibu na cheche. Dizeli nayo huingia, ila polepole. WD-40 ya kawaida, ile ya kopo la kupulizia, ilibuniwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji. Kutu nyepesi itaiweza, iliyokomaa inahitaji mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa kupenya.

SWALI: Nipake mafuta kwenye nati za magurudumu ili zisigande tena?

JIBU: Hapana, isipokuwa kitabu cha gari kikielekeza hivyo. Kipimo cha kukaza hupangwa kwa meno makavu. Yakiwa na mafuta, mkono uleule huivuta bolti zaidi ya ilivyokusudiwa, na inaweza kutanuka hata kukatika. Yasugue kwa brashi ya waya yabaki makavu. Ile grisi ya shaba iweke kwenye bolti za bomba la moshi, na hapo punguza nguvu ya kukaza.