Kwa nini meli za Kinshasa hazifiki baharini?

SWALI: Mhariri, nimekulia Kigoma, na tangu utotoni nawasikia wazee wakisema kwamba maji ya Ziwa Tanganyika huenda kuishia Kinshasa. Je, ni kweli? Tena, ikiwa Mto Kongo una meli pale Kinshasa, kwa nini shehena za jiji hilo zinazotoka ng'ambo hushushwa Matadi, bandari iliyo chini zaidi mtoni?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Wazee wako wana haki, isipokuwa maji hayo hayaishii hapo. Ziwa Tanganyika hutoa maji yake kwa Mto Lukuga, unaoanzia Kalemie na kuingia Lualaba, nao Lualaba ndiyo jina la Mto Kongo kabla haujafika Kisangani. Hata hivyo mchango wa ziwa ni mdogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji yake hugeuka mvuke juani. Wingi wa maji ya Kongo hutoka kwenye mvua za msituni na katika matawi makubwa kama Ubangi na Kasai. Na kwa vile bonde la mto limelala kaskazini na kusini mwa ikweta, upande mmoja ukipata kiangazi mwingine huwa na masika, ndiyo maana mto haupungui sana mwaka mzima.

Kuhusu meli, kutoka Kisangani hadi Kinshasa, umbali wa kilomita zipatazo 1,700, mto hauna poromoko hata moja. Mbele ya Kinshasa hutanuka ukawa kama ziwa, liitwalo Malebo, na Brazzaville ikaonekana ng'ambo ya pili. Lakini punde tu baada ya hapo huanza maporomoko ya Livingstone, ambapo mto wote hubanwa kati ya milima na kushuka takriban mita 270 katika mwendo wa kilomita 350 hivi. Hapana chombo kinachopita. Kwa maoni yangu, jiji lile lilikua pale kwa sababu hiyo hasa: palikuwa mahali pa kupakua. Zamani mizigo ilibebwa na wapagazi, hadi reli ya kutoka Matadi, iliyojengwa kati ya 1890 na 1898 kwa vifo vya vibarua wengi, ilipofika.

Meli za bahari nazo hupanda kutoka Atlantiki hadi Matadi, zikazuiwa hapo na maporomoko yale yale.