Beta wako akiugua, anza na maji

Mtu akiniambia samaki wake beta anaumwa, karibu kila mara swali lake la kwanza ni la dawa: nimpe nini? Nami humuuliza: maji umeyapima? Silikwepi swali lake. Nimefuga beta kwa miaka mingi, wengine nimewauguza wakapona, wengine wamenifia huku nikiwahangaikia, na ninaamini kwa dhati kwamba wengi wao huugua kwa sababu ya maji wanayoishi. Bakteria wanaokula mapezi ya samaki wamo tangini siku zote. Samaki mwenye afya huishi nao bila shida. Humshinda pale amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wake mwenyewe, inapomchoma au baridi inapomlegeza.

Utasikia ikisemwa kwamba beta kwao ni kwenye vidimbwi, kwa hiyo bakuli dogo linamtosha. Asili ya Betta splendens ni Thailand, nchi iliyomtangaza kuwa mnyama wake wa majini wa taifa mwaka 2019, na huko huishi kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga. Maji yale yana kina kifupi, ni kweli, lakini yametanda, yana joto na yamejaa mimea. Beta pia ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji. Kiungo hicho humwokoa oksijeni inapopungua majini. Dhidi ya amonia hakimsaidii kitu.

Basi kabla ya kugusa chupa yoyote ya dawa, pima mambo matatu: joto, amonia na naitraiti, sumu nyingine inayotokana na amonia. Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi, na lisipandepande na kushuka kati ya mchana na usiku. Amonia na naitraiti zote ziwe sifuri. Sifuri kabisa, si "kidogo tu". Ukiweza, tumia kipimo cha matone; zile karatasi za kuchovya hazina uhakika sana, na baadhi hazipimi amonia. Naitreti ni ya kuvumilika zaidi, ila mimi hujitahidi isizidi miligramu 20 kwa lita.

Amonia hutoka kwenye kinyesi cha samaki, matamvua yake na chakula kilichobaki kuoza. Kwenye chujio lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu, kisha kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kujijenga katika tangi jipya. Ndiyo maana beta aliyenunuliwa pamoja na tangi lake siku moja huanza kuzorota ndani ya wiki chache, na mwenyewe akadhani aliuziwa samaki mgonjwa. Ndiyo maana pia nasisitiza: usioshe sponji ya chujio kwa maji ya bomba. Isuuze kwenye maji uliyoyatoa tangini. Klorini ya bombani huua bakteria wale wale unaowategemea.

Ukikuta amonia, badilisha nusu ya maji siku hiyo hiyo, kisha endelea kubadilisha sehemu yake kila siku hadi kipimo kisome sifuri. Maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani na yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Wapo wanaoyaacha maji ndooni usiku kucha ili klorini ipotee. Klorini hupotea kweli, lakini baadhi ya mitambo ya maji hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, nayo haiondoki kwa kuachwa wazi. Dawa yake ni rahisi kutumia, na matone machache hutosha. Tafadhali usimwage maji yote na kusugua tangi hadi ling'ae. Samaki aliyedhoofika akitupwa ghafla kwenye maji yenye sifa tofauti kabisa anaweza kufa kwa mshtuko huo tu.

Sasa mtazame samaki mwenyewe, na umtazame kwa utulivu. Beta mzima hukufuata ukikaribia kioo, mapezi yameachia, rangi imeiva. Anayeumwa huyabana mapezi mwilini, hufifia, hukataa chakula, hujikuna kwenye mawe na majani, hukaa juu ya maji akihema, au hujibanza pembeni siku nzima. Ila kulala juu ya jani usiku, hata kwa ubavu, ni kawaida ya beta wengi. Usimwamshe kwa hofu. Nacho kiota cha mapovu ambacho dume hujenga juu ya maji si cheti cha afya. Nimeona madume wagonjwa wakijenga viota vizuri tu.

Kuoza mapezi ndiko ninakokutana nako zaidi. Kuna dume mwekundu niliyeachiwa na jirani aliyekuwa akihama, nilimwita Moto. Alifika na mkia ulioliwa, kingo zake nyeusi na za kuchanikachanika. Wengi wangekimbilia antibiotiki. Mimi nilimpa tangi la lita 20 lenye chujio lililokwisha kukomaa na hita, maji yakawa safi na ya joto lisiloyumba, na kila siku nikawa nachunguza kingo za mkia wake. Weusi ulisimama. Baadaye ukaanza kuonekana utando mwembamba usio na rangi kwenye kingo. Watu huuogopa utando huo wakidhani ni ugonjwa mpya, kumbe ni pezi jipya linaota. Rangi huja baadaye. Nilifurahi mno siku ile nilipouona.

Tofautisha hilo na kujing'ata mkia. Pezi lililong'atwa huonekana ghafla, leo zima kesho lina pengo lenye ukingo safi, bila weusi wala wekundu. Hapo tafuta kinachomkera: mkondo mkali wa chujio, kivuli chake mwenyewe kwenye kioo, au kukosa pa kujificha.

Kama maji yako sawa na mapezi bado yanaendelea kuliwa, ndipo mimi hutumia chumvi. Mhamishie kwenye chombo cha matibabu cha lita 5 hadi 10, kisicho na mawe wala mimea, chenye hita na kifuniko. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya tangi, ile inayouzwa kwa ajili ya samaki, isiyochanganywa na kitu kingine, kwa kila lita 4, ukiwa umeiyeyusha kwanza pembeni. Chumvi haikauki pamoja na maji, kwa hiyo unapobadilisha maji rudisha chumvi ya kile kiasi ulichotoa tu, vinginevyo itazidi kupanda. Usivuke siku kumi. Kwenye chombo kama hicho hakuna bakteria wa kusafisha, hivyo maji hubadilishwa kila siku. Watu wengi huchoka hapa, na hapa ndipo samaki hupotea.

Kuna ushauri mmoja ambao hunitia wasiwasi kila ninapousikia: "mpandishie joto." Unafaa kwa ugonjwa wa vidoa vyeupe, ule wa punje ndogo zinazohesabika mwilini na kwenye mapezi. Kimelea chake hukaa chini ya ngozi ya samaki, kikikomaa hudondoka, hujigawa chini ya tangi, kisha watoto wake huogelea kutafuta samaki. Dawa huwaua wakiwa wanaogelea tu. Joto la nyuzi 30, likipandishwa taratibu kwa saa nyingi, huharakisha mzunguko huo ili wafike mapema pale dawa inapoweza kuwapata. Kwa hiyo vidoa vikitoweka, kazi haijaisha; endelea na dawa kwa muda wote ulioandikwa kwenye chupa, kwa sababu wengine bado wako chini wanajigawa.

Lakini kuna kolumnarisi, ugonjwa wa bakteria unaoleta mabaka meupe au ya kijivu mgongoni na mdomoni, na watu wengi huudhani kuwa kuvu. Huo ukiupandishia joto umeuchochea. Unaweza kuua samaki kwa siku moja au mbili. Na kama majini kuna amonia, joto huifanya kuwa kali zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kugeuza kitufe cha hita, hakikisha umeona punje na si baka, na kwamba amonia ni sifuri.

Upo pia ugonjwa wa vumbi la dhahabu. Huu huonekana kwa shida: zima taa, mmulike samaki kwa tochi kutoka ubavuni, utaona unga laini wa manjano au wa kutu ukimetameta. Kimelea chake hutumia pia mwanga kujitengenezea chakula, hivyo kulifunika tangi husaidia. Dawa zenye shaba huutibu vizuri, ila shaba huua konokono na kamba wadogo. Waondoe kwanza.

Tumbo likivimba na samaki akaogelea upande au akashindwa kushuka, mara nyingi ni kuvimbiwa au kufunga choo. Usimpe chakula kwa siku mbili au tatu. Beta mzima huvumilia bila tatizo. Kisha mpe dafnia, wale wadudu wadogo wa majini, ambao humsaidia kupata choo. Njegere zimesifiwa sana kwa hili, lakini beta ni mla wadudu, tumbo lake halikuumbwa kwa mboga, na mimi siwapi. Chumvi ya Epsom, yaani magnesi salfeti, kijiko kimoja cha chai kwa lita 20 hivi, hulegeza tumbo na kupunguza uvimbe. Si sawa na chumvi ya tangi na hazibadilishani kazi.

Mtazame pia kutoka juu. Magamba yakiwa yamesimama mwili mzima, hapo si chakula tena. Mwili umejaa maji kwa sababu figo zimeshindwa kuyatoa, na wachache sana hurudi kutoka hapo. Jaribu chombo cha matibabu, Epsom, na antibiotiki ukiweza kumpata daktari wa mifugo wa kukuelekeza. Antibiotiki za kubahatisha sizipendi: huua bakteria wa chujio, na zikikatishwa njiani huacha wadudu sugu. Dawa yoyote utakayotumia, toa kwanza mkaa wa kusafishia maji kwenye chujio, kama upo, maana huinyonya dawa. Na usichanganye dawa mbili kwa pamoja, hata ukiwa na hofu kiasi gani.

Ikifika mahali samaki hali chakula, hapumui bila kuhangaika na hakuna nafuu, si ukatili kumpumzisha. Mafuta ya karafuu yakitumiwa kwa kiasi sahihi humlaza usingizi asirudi; muulize daktari akueleze kipimo. Usimtumbukize chooni akiwa hai, wala usimgandishe kwenye barafu.

Na mikono yako pia ilinde. Samaki anayekonda huku anakula, au mgongo wake ukapinda, huenda ana bakteria anayeitwa Mycobacterium marinum, ambaye huweza kuingia kwa binadamu kupitia mchubuko na kuleta kidonda kisichopona upesi. Vaa glavu ukiwa na jeraha, usinyonye bomba la kutolea maji kwa mdomo, na wavu, ndoo na bomba vya tangi la mgonjwa visitumike kwenye tangi jingine mpaka vioshwe na kukauka kabisa.