Re: Naanzaje kubadilishana beji na hela ni kidogo?

Karibu, ndugu. Umeuliza kama ununue mtandaoni fungu la beji nyingi za bei poa (zile pini ndogo za kuvaa kwenye nguo ambazo watu hukusanya) ili upate za kubadilishana. Mimi ningekaa mbali nalo. Mafungu hayo mara nyingi huwa na feki, na ukimpa mwenzako feki hatakurudia. Ukiishika beji, pitisha kidole ukingoni: ikikwaruza, rangi ina vishimo au imevuka mstari, itilie shaka. Linganisha na picha ya halisi, mbele na nyuma.

Chagua mada moja tu, mfano Olimpiki (beji zake zilianza Athens 1896, ingawa za zamani hutaziweza kwa sasa!). Nunua chache halisi zilizotumika. Ukienda kubadilishana, unayoipenda kweli iache nyumbani, usije ukashawishika kuitoa.