Simoni Mkirene "aliuchukua" msalaba au "aliubeba"?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwaya yetu inaandaa wimbo wa Ijumaa Kuu, kuna mstari kuhusu yule mtu aliyemsaidia Yesu msalaba, unasema "Simoni Mkirene akajitolea, msalaba auchukue". Wenzangu sauti ya pili wamegoma, wanasema kuchukua ni kama kwenda nao nyumbani, tuweke "aubebe". Alafu Mkirene ni jina la ukoo?

Jibu: Marahaba. Tuanze na hilo la mwisho maana ni jepesi, Mkirene ni mtu wa Kirene, mji wa Wagiriki wa zamani ulioko Libya ya leo, ni kama mtu akuite Mtanga au Mmombasa basi. Ukikuta Biblia nyingine imeandika Kurene usishtuke, ni mji uleule.

Sasa kuchukua. Wenzako wanaisikia ile ya "chukua chenji yako" tu, lakini chukua ya kubeba ipo siku zote na wao wenyewe wanaitumia kila siku bila kujua, si wanasema hii Hiace inachukua abiria kumi na nne? Mbebaji mizigo anaitwa mchukuzi, na serikali ina wizara nzima ya uchukuzi, au nayo inaenda na vitu nyumbani jamani! Na humohumo kwenye Biblia, Wagalatia 6:2 inasema "mchukuliane mizigo". Kutoka hapo ndo tukapata kuchukuliana kwa maana ya kuvumiliana, yaani mwenzio na udhaifu wake ni mzigo na wewe unaubeba. Kwahiyo "auchukue" sio kosa, na Mathayo na Marko kwenye Union Version, ile tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, zimeandika hivyohivyo. (Kiswahili kwenye mambo ya mizigo ni tajiri sana, hata mpagazi wa misafara ya zamani neno lake linatoka kwenye kupagaa, kubeba begani, na ndio hilohilo la mtu aliyepagawa, kwamba pepo kampanda.)

Ila mimi ningekuwa mwalimu wenu wa kwaya ningegombana na neno jingine kabisa ambalo hakuna aliyeliuliza, "akajitolea". Nani kasema alijitolea? Mathayo na Marko wanasema walimshurutisha, na shurutisha imetokana na sharti, hapo huna hiari. Mtu anatoka zake shamba, baba wa watoto wawili, Iskanda na Rufo, anapita tu njia, askari wanamkamata. Luka ndo kanikosha zaidi, anasema "wakamtwika msalaba". Kutwika ni mtu mwingine akuwekee mzigo kichwani au begani, ukijipandishia mwenyewe umejitwika. Simoni hakujitwika, alitwikwa. Tunasemaga mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, huyu bwana aliujua uzito wake na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Kwahiyo "auchukue" iacheni, tena mkiweka "aubebe" mnapoteza silabi moja na noti itabaki inaelea. "Akajitolea" ndo muitoe, wekeni "akashurutishwa". Nimehesabu, zote zina silabi sita, hamtagusa hata noti moja.