Nyati: .375 au .458?

Ndugu yangu, unasema umezoea kuwinda swala na pofu kwa bunduki ya kaliba (kipenyo cha risasi) ya .30-06, sasa umepata kibali cha nyati na hujui uchukue kaliba ya .375 au .458. Chukua .375 H&H (Holland & Holland).

Kaliba hiyo ni ya mwaka 1912, na hadi leo nchi nyingi za Afrika zinaihesabu kuwa kiwango cha chini kabisa kwa kuwinda wanyama hatari. Inarusha kichwa cha risasi chenye uzito wa greni 300, karibu gramu 19, na teke lake begani mtu wa kawaida hulizoea. .458 Winchester Magnum hurusha greni 500. Nguvu ipo, sikatai, lakini niliwahi kuipiga siku ya shabaha: risasi ya tatu nikajikuta nafumba macho kabla sijavuta kifyatulio. Ukifumba macho mbele ya mbogo, risasi itaishia tumboni, kisha utalazimika kumfuata vichakani huku naye anakungoja.

Ya kwanza iwe risasi inayopanuka lakini imara. Zinazofuata ziwe ngumu zisizopanuka, zinazopenya ndani sana, maana hapo atakuwa anakimbia na huenda umpige kwa nyuma. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, upige theluthi ya chini ya kifua. Moyo wake uko chini kuliko wengi wanavyodhani.

Jizoeze ukiwa umesimama, bunduki juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja kuwa kiegemeo. Porini hakuna meza ya kuegemeza bunduki. Kaliba ya .416 Rigby nayo ni nzuri, ila bei ya risasi zake itakutoa jasho.