Picha halisi au chapa?
Umeuliza kama postikadi yako ya Lily Elsie, yule mwigizaji wa jukwaani London, ni picha halisi, iliyosafishwa kwenye karatasi ya picha, au chapa ya mashine. Chukua kioo cha kukuzia uangalie shavuni. Ukiona vitone vimejipanga kama matundu ya chekeche, imechapwa mashineni. Picha halisi haina vitone, na ukiiinamisha kwenye mwanga, sehemu nyeusi za pembeni mara nyingi hung'aa kama fedha. Ni uzee huo, usiusugue!

Kisha igeuze. Mstari unaotenga ujumbe na anwani uliruhusiwa Uingereza 1902, kwa hiyo kadi yenye mstari huo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Muhuri wa posta ukisomeka, umepata tarehe. Wengi hutaka zisizoandikwa. Mimi nanunua zenye salamu, na huwa za bei rahisi zaidi.