Maswali ya Wasomaji: Ndege ya Ushirika Inapokaa Bila Kuruka

SWALI: Tuko wanachama watano, tunamiliki pamoja Cessna 172 ya zamani yenye injini ya Lycoming O-320. Iko Malindi. Msimu wa mvua hukaa hata wiki sita chini. Mweka hazina anashauri tuiwashe kila Jumapili kwa dakika kumi. Inatosha? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Haitoshi, tena inadhuru. Injini inapochoma mafuta hutoa mvuke wa maji, na kiasi chake hupenya kwenye ringi za pistoni hadi ndani kwenye oili. Dakika kumi za kunguruma uwanjani haziipashi oili moto wa kutosha kuufukuza mvuke huo. Unapoa, unakuwa maji, na oili inaanza kuwa na asidi. Mnaiacha injini na unyevu mwingi kuliko mlivyoikuta.

Katika Lycoming hii kamshafti (mhimili unaofungua vali) iko juu ya krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), kwa hiyo oili huchuruzika na kuiacha wazi. Kwa hewa ya chumvi ya Malindi, kutu haikawii. Kutu hiyo huzikwaruza tapeti (vipande vinavyosukumwa na kamshafti), na dalili ya kwanza huwa ni chembe za chuma ndani ya filta. Ndiyo maana fundi akibadilisha oili, mwombeni aikate filta na kuikagua mbele yenu.

Pangeni zamu ili kila siku 30 ndege iruke angalau saa moja mfululizo, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi. Oili ibadilishwe kila saa 50 au kila miezi minne, lolote litakalotangulia. Injini yenye chujio la wavu tu, bila filta, ni saa 25. Na msizungushe propela kwa mkono eti kuilainisha injini: mnafuta utando mdogo wa oili uliobaki, na magneto (kifaa kinachotoa cheche za kuwasha injini) ambayo waya wake wa kuizima umekatika yaweza kuiwasha ghafla na kumkata mtu. Kama hakuna atakayeruka miezi miwili au mitatu, fundi atie oili ya kuhifadhia na plagi za kufyonza unyevu.

SWALI: Tunatoza kila saa ya kuruka kiasi cha akiba ya injini, lakini mfuko haujai. Tunakosea wapi? (Msomaji huyohuyo)

JIBU: Bila shaka mmechukua gharama ya kuifumua injini yote mkaigawanya kwa saa 2,000, ukomo wa saa uliowekwa na mtengenezaji kabla ya kuifumua. Lakini ameweka pia ukomo wa miaka 12, lolote litakalotangulia. Ili mfikishe saa 2,000 ndani ya miaka hiyo, mnahitaji saa 167 kwa mwaka. Mkiruka saa 60, mwaka wa 12 utawakuta na saa 720, yaani akiba isiyofika asilimia 40. Akiba hiyo iwekeni kwenye ada ya mwezi: gawanyeni gharama kwa miezi 144, kisha kwa watu watano. Ada ya saa ibaki ya mafuta, oili na matengenezo ya kila saa 50 na 100. Anayeruka sana asiadhibiwe. Ndiye anayeitunza injini yenu.

SWALI: Ndege yetu hulala nje katika Uwanja wa Ndege wa Wilson. Baada ya mvua nilikinga mafuta kwenye kikombe, yakawa meupe kabisa, masafi. Mwenzangu akanizuia kuruka. Kwa nini? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Mwenzako yuko sahihi kabisa. Avgas 100LL, mafuta ya ndege za injini za pistoni kama yenu, ni ya buluu. Kikombe kisicho na rangi ni maji matupu, au kuna aliyejaza mafuta ya ndege za jeti. Dondosha tone kwenye karatasi: avgas hukauka ikapotea, ya jeti huacha doa la mafuta. Ikiwa ni ya jeti, usiwashe injini hata kidogo, mwite fundi.

Ikiwa ni maji, tikisa mabawa, shusha mkia, subiri yatulie, kisha kinga tena chini ya kila tangi na kwenye chujio la mafuta hadi upate buluu tupu. Kujaza tangi jioni hupunguza unyevu unaogeuka maji ndani, ila Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege nzito hupaa kwa shida, hivyo piga hesabu ya uzito kwanza. Maji yakirudi kila mvua inyeshapo, chunguza mpira wa kifuniko cha tangi. Ukipasuka hupitisha maji moja kwa moja.